Faini ya Mama Ardhi

Ukimtaja Mama Ardhi mbele ya watu wa Mbulu wa rika langu, mmoja atacheka na mwingine atasonya. Anayecheka aliwahi kusaidiwa naye. Anayesonya aliwahi kufukuzwa naye mahali, akiwa amebeba kreti za soda na sufuria la pilau. Mimi niko pande zote mbili. Nilikuwa dereva wake kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nilifukuzwa, nikafundishwa, nikalishwa, nikacheka mpaka mbavu zikauma, na mara moja nikampeleka kuhukumiwa. Hiyo hukumu ndiyo inayonifanya niandike, lakini sitaanza nayo, maana bila kumjua mwenyewe utadhani ni habari ya ng'ombe tu.

Kabla yake ofisi yetu ya ardhi ilikuwa na Bwana Ardhi, na kabla ya huyo Bwana Ardhi mwingine, kwa hiyo alipokuja mwanamke watu hawakuumiza kichwa kutafuta cha kumwita. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni. Nilikuwa nimeendesha mashine za kuvunia ngano kwenye mashamba ya serikali huko Hanang, enzi ambazo dereva wa mashine zile alikuwa mtu mkubwa, anaagiza chai na inaletwa. Kisha mashamba yakabinafsishwa, tukapewa mkono wa kwaheri, nikarudi nyumbani kulima mbaazi na kununa. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, ofisi zikawa nyingi, magari yakahitaji watu wa kuyasukuma, nikapata kazi. Nasema kuyasukuma kwa sababu lile Land Rover la idara yetu halikuwahi kuwaka kwa ufunguo peke yake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Zilikuwa zimeingia zile nyakati za kila mtu kufanya biashara yake. Mwalimu ana duka, mganga ana gesti, padri ana mashine ya kusaga. Na watu wakishapata chochote kidogo wanataka kustarehe. Harusi zikaanza kupigwa video. Vijana wakaanza mabonanza. Wageni wakaanza kuja kupanda Mlima Hanang, na palipo na mgeni huja mtu wa kumjengea kambi na kumchomea nyama. Sasa starehe inapenda kivuli na maji, na kwetu penye kivuli na maji ndipo palipohifadhiwa: chemchemi, pembe za msitu, malisho ya kiangazi. Mama Ardhi ndiye aliyesema nani ajenge kambi wapi, nani acheze wapi, nani asiguse kabisa. Kwa kifupi alilipwa kuwaambia watu, msifurahie hapa, nendeni mkafurahie pale.

Kazi ya kuchukiza, mtu angesema. Yeye aliifanya kwa raha zote. Alivaa gauni, sweta na gambuti, kiangazi na masika, na mkononi alibeba chupa ya chai. Akikuta watu mahali pasiporuhusiwa hakuanza na sheria. Alianza na salamu, na salamu zake zilikuwa ndefu: watoto, mifugo, mvua, kikohozi cha bibi. Mpaka anafika kwenye sheria wewe umeshamkaribisha pilau, na ukishamlisha mtu huwezi tena kumtukana. Nilimwambia siku moja kwamba hiyo ni rushwa ya kinyumenyume. Akasema ni adabu, na kama sijui tofauti nisimamishe gari anieleze, nami sikusimamisha kwa sababu lisingewaka tena.

Harusi ya binti wa kaka yake inasimuliwa mpaka leo. Walitoka kanisani, wakapanda kwenda chemchemi ya juu ya mji kupiga picha, bwana harusi kwa suti, tarumbeta nyuma, na mpiga picha akataka maharusi wakanyage maji ili video ipendeze. Mama Ardhi alikuwa kwenye msafara, amevaa kitenge cha sare kama mashangazi wengine. Aliposikia habari ya kukanyaga maji akapita mbele. Bibi harusi akamwambia kwa sauti ya kilio, "Shangazi, leo ni siku yangu." Akamjibu, "Ni siku yako, mwanangu. Na jioni mji mzima utakunywa hapo, na wewe pia." Kisha akageuza harusi nzima, na tarumbeta, akairudisha chini mpaka kwenye uwanda wa nyasi nje ya mpaka wa chemchemi, na huko akawa wa kwanza kuvua viatu na kucheza. Wale wa familia walinuna mpaka walipoiona video. Ilipendeza mno, na katikati yake kuna shangazi anayerukaruka peku.

Na vijana wa mpira vilevile. Walikuwa wamejitengenezea kiwanja ndani ya eneo la chanzo cha maji, wamefyeka na kusimamisha magoli. Nilidhani atang'oa magoli. Akawaambia wayang'oe wenyewe, wayabebe, wamfuate, na akawapeleka kwenye kipande cha ardhi ya kijiji kilichokuwa kimekaa bure nyuma ya ghala. Walipolalamika kwamba kina mteremko, akavua sweta, akakaa golini upande wa chini, akawaambia wajaribu kumfunga. Walimfunga sana. Alikuwa hovyo kabisa golini, na nilimwambia. Lakini wale vijana hawakurudi kule juu, na kiwanja kile kina mashindano yake hadi sasa.

Msimamo wake aliuweka kwa maneno machache, naye aliyarudia mpaka nikayachoka: "Kila mtu ana haki ya kucheza, lakini si juu ya kisima cha mwenzake." Msemo mwingine ulikuwa huu: "Ardhi haina miguu, wenye miguu ni mipaka." Huo aliusema kila tulipofika kijiji ambacho majirani wanagombana, na alipousema alinitazama mimi, kana kwamba ndiye ninayeitembeza.

Huyu mlinzi wa mipaka, nyumbani kwake mbuzi wa jirani walikuwa na njia yao rasmi. Waliingia asubuhi, wakala matembele, wakala maua, wakalala kivulini kwenye baraza, jioni wakaenda kwao. Nikamuuliza kwa nini hamwambii jirani ajenge uzio. Akasema anaona aibu. Mtu aliyewasimamisha wawekezaji wenye magari ya vioo vyeusi anaona aibu kwa habari ya mbuzi! Nilicheka njia nzima.

Tena alikuwa mtu wa sala, ila sala zake zilikuwa na maelekezo. Tukifika kwenye korongo lenye maji alifumba macho akaomba kwa sauti: "Baba wa mbinguni, tuvushe salama, na huyu umkumbushe gia ya kwanza." Mimi niliyeendesha mashine za kuvunia! Nilikuwa nakasirika kweli. Lakini naungama, kuna siku alinyamaza, hakuomba, na siku hiyo tulikwama.

Kitu kimoja alichokosa ni kunyamaza. Aliongea. Ukiuliza njia, anajibu yeye, hata kama umemuuliza mwenyeji. Mikutanoni, mtu akisita kidogo tu kutafuta neno, Mama Ardhi anampa, na wakati mwingine anampa na sentensi nzima. Alifanya hivyo kwa wema. Hakuvumilia kumwona mtu anahangaika. Tulipoanza kushuka uwandani, kwa Wabarbaig wafugaji wa upande wa Getanuwas na Dirma, alijifunza salamu za Kibarbaig kwa nguvu zote na akazisema vibaya kwa nguvu zilezile. Akina mama wa kule, na vikuku vyao vya shaba mpaka kwenye viwiko, walikuwa wakimwona anakuja na gambuti wanajipanga kabisa kusikia leo atasema nini. Walimpenda. Nami nilimpenda, nisifiche.

Sasa nifike kwenye hukumu.

Kulikuwa na kijiji kimoja huko uwandani, chini ya mlima, ambacho tulikwenda kukisaidia kutengeneza mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huo ni makubaliano ya kijiji na ramani yake: hapa tutalima, hapa tutachunga, hapa tutajenga, hapa tusiguse. Siku ya kutembea eneo tuliongozana na wazee wa kiume na kamati ya kijiji, ambayo kwa sheria ilikuwa na wanawake ndani yake, nao walitembea nyuma. Tukafika mahali penye mikuyu mikubwa na maji kidogo yanayotoka chini ya jiwe. Pamefagiliwa safi, hakuna kinyesi cha ng'ombe, hakuna tawi lililokatwa. Mama Ardhi akafurahi, akauliza pana kazi gani. Wazee wakatazamana. Mmoja akatazama mlima. Wale wanawake wa kamati wakatazama chini. Mwishowe mzee mmoja akasema kwamba akina mama huja hapo kupumzika, huimba kidogo, hurudi nyumbani.

Wee! Mama Ardhi alipata furaha ambayo sijawahi kuiona. Maisha yake yote alikuwa anasikia habari za viwanja vya vijana na vijiwe vya wanaume, na hapa, mahali ambapo wenzake ofisini walipaita porini, wanawake wana mahali pao pa kupumzikia. Kabla mzee hajaongeza neno yeye alishaongeza ya kwake matatu. Kwenye mpango paliandikwa eneo la mapumziko na burudani. Pasilimwe, pasichungwe, miti isikatwe. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha. Njiani kurudi aliimba.

Miaka ikapita. Akaja mwekezaji kutoka Arusha, mtu mcheshi, mwenye tumbo na kofia, anayempa kila mtu soda. Alitaka kuweka kambi ya mahema kwa ajili ya wapanda mlima, na baa, na bembea za watoto, na muziki wikiendi. Alionyeshwa mpango wa kijiji. Akaona eneo la mapumziko na burudani, lina kivuli, lina maji. Hakutoa rushwa wala hakuvunja sheria yoyote. Mama Ardhi mwenyewe alimwekea masharti, miti isiguswe, vyoo viwe mbali na maji, halafu akampendekezea kibali, akiamini akina mama watapata hata mahali pa kuuzia maziwa.

Mwekezaji alipeleka lori la nguzo. Asubuhi yake akina mama wakaja. Walitoka kila boma, wazee na vijana, sketi za ngozi, fimbo mkononi, wakakaa chini kuzunguka lori. Hawakupiga kelele. Hawakumgusa mtu. Dereva wa lori aliniambia baadaye kwamba angetukanwa angekuwa na raha zaidi. Aliwaachia lori, akatembea kwa miguu mpaka barabarani. Kisha ukatumwa ujumbe ofisini: aje yule mwenye gambuti.

Tulipofika, mwenyekiti wa kijiji alitusimamisha mbali kabisa na ile mikuyu. Wanaume wote walikuwa hapo, wamekaa chini, waume za wale wanawake, watu wakali wenye mikuki, wametulia kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mama Ardhi akaenda peke yake. Nikataka kumfuata, mwenyekiti akanishika mkono. Hapo ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao. Mwanaume akimkosea mwanamke, au akikosea mambo ya uzazi na ya Mungu ambayo ni ya wanawake, baraza humhukumu, na hakuna mume, mzee wala serikali ya kumtetea. Faini yake ni dume jeusi la ng'ombe. Asipolipa, wanamlaani, na hapo hata kaka zake hawatampa moto. Pale chini ya mikuyu ndipo panapokaa baraza, na ndipo wanapoombea mvua na tumbo la mwanamke asiyepata mtoto.

Nikamuuliza, kwa nini basi mlimwambia wanapumzika.

"Ningesema nini, dereva? Mambo ya pale si ya mdomo wa mwanaume. Na wao hawawezi kuyasema mbele yetu. Tulisema kinachosemeka."

Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alishika adabu yake, na Mama Ardhi akajaza palipobaki wazi, kama kawaida yake.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi alipotoka. Alikuja taratibu, akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Nikatafuta leso. Alipoondoa mikono alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Nimepigwa faini," akasema. "Walibishana mchana kutwa kama mwanamke anaweza kutozwa. Mwisho bibi mmoja akasema nilikuja kwao na mamlaka ya mwanaume, nikauliza wanaume, nikaandika ya wanaume. Basi nitalipa kama mwanaume. Dume jeusi, baba."

Halafu kicheko kikaisha, na hapo nikaona kwamba ameumia. Njia nzima hakuomba kwenye korongo hata moja.

Ofisini mkubwa wetu alikataa kabisa. Alisema mtumishi wa serikali halipi faini za kimila. Akilipa anakiri kwamba mpango uliopitishwa una kosa, mwekezaji atatushtaki, na vijiji vingine navyo vitaanza kuwatoza maofisa ng'ombe. Akamwambia akilipa atapewa onyo na atahamishwa, na kwamba nguzo zitachimbiwa wiki hiyohiyo, na askari wakiwepo. Mambo yalikuwa hivyo: ama baraza lile lipoteze mahali pake chini ya mwanga wa genereta, ama Mama Ardhi apoteze kazi yake. Nilimshauri asubiri. Kesho yake akaanza kutafuta dume.

Yeye alikuwa na ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia, hakuwa na dume jeusi. Alizunguka Mbulu akiuliza. Kwetu nyanda za juu mtu hakuuzii dume kabla hajajua linakwenda wapi, na kila alipoeleza watu walishangaa, mwanamke mwenzetu, Mkristo, analipa faini ya huko uwandani? Aliyemsaidia ni yule jirani wa mbuzi. Alikuja mwenyewe na dume limefungwa kamba, jeusi halina doa. Akamwambia mbuzi wake wamekula kwake miaka yote bila kuambiwa neno, achukue, watalipana kwa ndama taratibu. Mama Ardhi aliniambia baadaye kwamba uzio ungemponza.

Ng'ombe haruhusiwi kwenye gari la serikali, nami siwezi kusema kwamba gari la serikali lilihusika. Dume lilikwenda kwa Fuso ya kukodi, Mama Ardhi amekaa mbele, na gari la idara siku hiyo likawa na safari yake ya kwenda upande huohuo, polepole, nyuma ya Fuso. Kushuka kule bondeni lile dume lilitoa kichwa nje likawa linatazama nchi kama mtalii. Tulipofika akina mama walikuwa wamesimama. Mama Ardhi akalishusha, akashika kamba, akatembea nalo katikati ya uwanda mbele ya wanaume wote, gambuti, gauni na sweta. Wakampokea kwa nyimbo. Sijui kilichofuata. Niliambiwa nitazame upande mwingine, nikatazama.

Ila najua kilichofuata kijijini. Mwenyekiti aliitisha mkutano mkuu kabla askari hawajafika, maana kijiji kilichopitisha mpango ndicho chenye haki ya kuurekebisha, na mkubwa wetu hakuweza kuuzuia. Akina mama walikaa nyuma, kimya, kwa desturi. Mama Ardhi akasimama kuwasemea. Hakueleza yanayofanyika pale, aliapa asingeeleza. Alisema tu kwamba alikosea yeye, kwamba mahali pale ni hifadhi ya wanawake, na kwamba pasiwe na kambi, baa, mpira, picha wala pikiniki, hata ya kwake. Mikono yote ya wanaume ilipanda kabla hajamaliza. Waume zao, nadhani, ndio waliolala usingizi mzuri zaidi siku ile.

Mwekezaji hakuachwa. Mama Ardhi alimtembeza siku kadhaa akitafuta mahali pengine, yule baba na tumbo lake akihema, mpaka wakapata kilima kikavu nje ya hifadhi, mahali unapoliona Ziwa Balangida lote. Alinung'unika habari ya maji. Baadaye aliwaambia watu kwamba alichagua mwenyewe kwa sababu ya mandhari. Mama Ardhi alipewa onyo, akahamishiwa meza ya kumbukumbu, kwenye chumba kisicho na dirisha, na huko aliongea na majalada mpaka alipostaafu.

Mara ya mwisho nilipokaa naye mahali pamoja ni juzijuzi tu. Mpango wa kile kijiji ulikuwa umemaliza muda wake, unatengenezwa upya, na kijiji kikamwalika kama mgeni. Mimi sasa nina Noah ya abiria, inawaka kwa ufunguo. Nilimfuata kwake Mbulu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaanza salamu zake. Magoti yamechoka, nikamsaidia kupanda. Njiani aliongea tangu tunatoka mpaka tunafika. Lakini nilimjua, nikaona ana wasiwasi. Alikuwa amesikia kwamba wageni wa mlimani wameongezeka, na kwamba wapo vijana wa kijiji wenyewe wanaotaka ile mikuyu ifunguliwe, watu waone, kijiji kipate kitu. Aliniuliza kama nadhani mpango mpya utaibakiza. Nikasema sijui.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule. Afisa wa sasa ni kijana, mstaarabu, ana ramani yake kwenye kompyuta. Alipitia eneo moja baada ya jingine, watu wakakubali, wakabisha, wakakubali. Akafika kwenye mikuyu. Akasema amesikia maoni ya vijana, na kwamba mpango wa zamani unasema tu hifadhi ya wanawake, hausemi sababu. Akauliza panatumika kwa nini, ili ajue aandike nini.

Wazee wakatazamana. Yule kijana akageuka kwetu, akasema kwa heshima, "Mama, wewe ndiye uliyeuandika mpango ule. Tusaidie."

Watu wote wakamgeukia. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikaona mdomo wake umefunguka. Namjua, maneno yalikuwa tayari, yote. Akaufunga. Akashika mikono yake miwili mapajani, mmoja ukikandamiza mwingine, na akasema, "Mimi ni mgeni hapa, mwanangu. Waulize wenyewe."

Kijana akauliza, macho yakizunguka darasa zima. Mwishowe akaanza kufunika kalamu. Nilitaka kumfinya Mama Ardhi aseme, jamani, aseme, wataipoteza ile mikuyu. Hakusema.

Kisha nyuma kabisa msichana mmoja wa Kibarbaig akasimama, amevaa sketi ya ngozi na juu fulana ya shule. Halafu mama yake. Halafu bibi mmoja kwa fimbo. Wakasimama wanawake wote waliokuwa ndani ya lile darasa, mbele ya waume zao, na bibi yule akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Pale ni petu. Sababu ni yetu. Wewe andika."

Wazee wa kiume wakainamisha vichwa, na vijana wale waliotaka kufungua wakawatazama mama zao, wakakaa chini. Yule afisa akaandika. Akawauliza kama kuna la kuongeza, wakasema hakuna.

Mama Ardhi akanishika mkono kwa nguvu, machozi yanatiririka, wala hakuyafuta. Mkutano ulikuwa haujaisha.

"Twende nyumbani, baba," akaninong'oneza. "Hapa mimi sina kazi tena."